Maisha ya Mzee Majuto, na Niliyojifunza Kwayo

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze habari za Mzee Majuto, mwigizaji wa Tanga aliyewachekesha watu wa nchi hii kwa miaka mingi. Nina sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kuwa wengi wetu twamjua kwa sura na kwa sauti, lakini hatujui alianzia wapi wala alipita njia gani. Ya pili ni kuwa habari zake zimenisaidia katika jambo ambalo muhula huu limezungumzwa sana baina yangu na baba yangu, nalo ni hili: je, kuigiza ni kazi?

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka wa 1948. Tanga si mbali nasi. Mtu akisimama pwani ya magharibi ya kisiwa chetu akatazama upande linakochwa jua, basi huko mbele, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ndiko bara la Tanga liliko. Tangu zamani vyombo vyavuka kutoka huku kwenda kule, na wako watu wengi wa Chake Chake wenye ndugu, wajomba na mashemeji huko. Kwa hiyo Kiswahili cha Mzee Majuto hakikuwa kigeni masikioni mwetu. Alipozungumza, wazee wetu walimsikia kama wamsikiavyo mtu wa mtaa wa pili.

Alianza kuigiza angali mtoto, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika siku hizo hapakuwa na televisheni katika nchi yetu. Wazee wa Unguja na Pemba hupenda kutukumbusha kuwa televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mapema miaka ya 1970, na kwamba Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka wa 1994. Basi mtu wa Tanga aliyetaka kuwa mchekeshaji alikuwa na njia moja tu, nayo ni kusimama mbele ya watu, akawatazama nao wakamtazama.

Hii ilikuwa skuli ngumu. Katika miaka ya 1980 vikundi vya sanaa kama Muungano na DDC Kibisa vilikuwa na sifa kubwa. Katika usiku mmoja watu walionyeshwa ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho, na taarabu pia. Mchekeshaji alipanda jukwaani baada ya ngoma kali, watu wangali wanapiga makofi, naye hana kitu ila mdomo wake na uso wake. Hakuweza kusema, "Ngojeni nirudie." Kama watu hawakucheka, hawakucheka, na habari imekwisha. Wachekeshaji wa rika lile, kama Mzee Small, ambaye jina lake ni Saidi Ngamba na aliyefariki mwaka wa 2014, walijifunza kazi yao mbele ya hadhara namna hiyo. Ndiyo maana hawakutetereka walipokutana na kamera.

Kisha zikaja kanda za video. Mzee Majuto huhesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa katika Afrika ya Mashariki waliotoa vichekesho katika kanda hizo. Baada ya kanda zikaja sahani za CD na DVD, zikaja na filamu za Kiswahili zilizotengenezwa kwa wingi Dar es Salaam, na Mzee Majuto akawamo katika filamu nyingi mno. Aliigiza katika "Inye" na "Shikamoo Mzee" na nyingine nyingi. Aliigiza pamoja na vijana walioweza kuwa wanawe au wajukuu zake, mathalan Sharo Milionea wa Muheza, aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi wa Novemba mwaka wa 2012. Watu wakampa Mzee Majuto jina la "King", yaani mfalme, na hapana aliyesema kuwa hakustahili.

Sasa nieleze kidogo juu ya ufundi wake, maana wapo wanaodhani kuwa kuchekesha ni kupayuka na kujiangusha chini. Bibi yangu alimpenda sana. Bibi husoma Kurani vizuri lakini hakusoma skuli kama tunavyosoma sisi, na mambo mengi ya kwenye televisheni humchosha upesi. Akitokea Mzee Majuto, hata uji ulio jikoni huachwa. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, huyu mzee anakuchekesha nini?" Akanijibu, "Hanichekeshi. Huyu anasema kweli, nami naijua hiyo kweli, basi ndiyo nacheka."

Nililifikiri neno lile nikaona Bibi amesema sawa. Mzee Majuto aliigiza mzee bahili, mzee mjanja, mzee aliyepitwa na ujana na yeye hataki kukubali. Watu hao tunao katika kila mtaa. Hakuwavika nguo za ajabu wala hakuwatia maneno ya ajabu. Aliwaacha kama walivyo, ila aliwaleta karibu zaidi ili tuwaone. Naye mwenyewe hakucheka. Mwenzake akisema neno la upuuzi, yeye hutazama pembeni, akanyamaza kitambo kama anayehesabu deni, kisha ndipo akajibu. Wakati wote ule wa kunyamaza sisi watazamaji tunacheka, na yeye bado hajasema kitu. Katika kikundi chetu cha michezo ya kuigiza tumejaribu kunyamaza namna ile, tukaona kuwa ni kazi ngumu kuliko kukariri kurasa kumi. Ukinyamaza kidogo mno, watu hawajafahamu. Ukinyamaza sana, wanadhani umesahau maneno.

Basi nilipoleta nyumbani karatasi ya ruhusa ya kujiunga na kikundi hicho, nilikuwa na hakika kuwa Baba ataitia saini. Baba yangu ni mkulima wa mikarafuu, mtu mpole asiyependa kugomba. Aliitazama ile karatasi akaiweka chini.

"Mwanangu," akasema, "kuigiza ni mchezo. Mchezo ukisha, watu hukunja mikeka wakaenda zao. Mimi nakusomesha ili upate kazi."

Nikamwambia, "Baba, Mzee Majuto aliigiza kiasi cha miaka 60. Mchezo hauwezi kuchukua miaka 60. Hiyo ni kazi."

Baba hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Vyema. Na hiyo miaka 60 ilimpa nini?"

Wasomaji wapenzi, hilo ni swali la haki, na mzazi yeyote ana ruhusa ya kuliuliza. Mtu aliyechekesha nchi nzima yampasa awe na nyumba nzuri, na akiba ya uzeeni, na asiwe na wasiwasi siku ya maradhi. Nikamwomba mwalimu wetu anisaidie kutafuta habari za mwisho wa maisha ya Mzee Majuto, na nilizozipata ni hizi.

Mwaka wa 2018 Mzee Majuto aliugua sana. Alilazwa Dar es Salaam, kisha akapelekwa India kwa matibabu, akarejea. Katika miezi hiyo hiyo ya ugonjwa wake ilisemwa hadharani kuwa katika baadhi ya mikataba aliyoingia hakupata haki yake. Sura yake na sauti yake zilitumika, watu wakafanya biashara, lakini fungu lake lilikuwa dogo, si kwa kadiri ya jina lake. Jambo hilo likawa kubwa hata Waziri aliyesimamia habari, utamaduni, sanaa na michezo wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Mzee Majuto alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili usiku wa tarehe 8 Agosti, 2018, siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 70. Alizikwa kwao Tanga. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yafaa tufahamu mambo haya yalivyokuwa yakienda, kwa sababu hayakuwa ya mtu mmoja. Katika miaka ile ya CD na DVD, filamu nyingi ziliuzwa namna hii. Wenye kutengeneza filamu huipeleka kwa msambazaji, naye huinunua moja kwa moja kwa fedha za mara moja. Baada ya hapo nakala zikiuzwa elfu moja au laki moja, faida ni ya aliyenunua. Mwigizaji naye aghalabu alilipwa ujira wa siku zake za kazi tu, na akishaupokea hakuwa na dai jingine. Juu ya hayo walikuwako watu wanaotoa nakala za wizi na kuziuza mabarabarani, na vibanda vya video vilivyoonyesha filamu kwa kiingilio bila mwenye filamu kujua. Ama matangazo ya biashara, yana hatari yake nyingine. Mtu hupigwa picha kwa siku moja, akalipwa, lakini kama karatasi haikusema picha itatumika kwa muda gani, basi yaweza kukaa barabarani mwaka baada ya mwaka na yeye hapati hata senti.

Nilirudi kwa Baba nikamweleza yote, sikumficha. Nilidhani atasema, "Umeona sasa!" na mambo yatakuwa yamekwisha. Hakusema hivyo. Aliniuliza, "Huyo mzee alikuwa anauza au anakodisha?"

Nikamwambia sikufahamu maana yake.

Akasema, "Sisi huku mtu akitaka karafuu zangu zilizokwisha kuanikwa, anazinunua. Zinawekwa kwenye mizani, mimi nimesimama hapo hapo naangalia, nalipwa kwa kilo. Hiyo ni kuuza. Lakini akitaka kuchuma mwenyewe, huja kutazama mikarafuu, tukakisia, tukapatana, akaikodi kwa msimu. Msimu ukisha, mikarafuu ni yangu. Hawezi kuja mwakani na ngazi yake akapanda mti akaniambia, 'Nilikwisha kulipa.' Basi sura ya mtu si karafuu, sura ni mkarafuu. Kila msimu inazaa. Huyo mzee aliwapa watu mti, na wao wakamlipa bei ya pishi."

Nimesoma maelezo mengi juu ya haki za wasanii, lakini sijaona yaliyo wazi kuliko hayo ya mkulima wa Pemba. Tazameni wenyewe. Hakuna mtu katika kisiwa hiki atakayepeleka karafuu zake kituoni halafu akageuza uso wakati zinapopimwa. Tumepanda, tumechuma, tumechambua makonyo, tumeanika majamvini, tumezikimbilia mvua ilipotanda. Baada ya taabu yote hiyo mtu huikodolea macho mizani, na akipewa risiti huisoma. Mwigizaji naye amepanda miaka, amechuma maneno, ameanika uso wake mbele za watu. Mizani yake ni mkataba. Akitia saini bila kuusoma, amegeuza uso wakati karafuu zake ziko juu ya mizani.

Tena sheria ipo. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka wa 1999, ambayo humtambua mwigizaji, si mtunzi peke yake, na kuna COSOTA. Hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka wa 2003, na kuna COSOZA. Lakini sheria ni kama taa iliyowekwa chumbani. Asiyeingia chumbani haitamwonyesha kitu. Mtu aliyekwisha kuuza kila kitu kwa saini yake mwenyewe, hata wakili hodari hupata taabu kumsaidia.

Pengine baadhi yenu mtasema kuwa mambo haya ni ya nchi maskini tu. Sivyo. Wachekeshaji wa nchi tajiri nao walipita humo, na wengine waliona mbali mapema. Charles Chaplin, ambaye babu zetu walimjua kwa kofia yake na mkongojo wake, alizaliwa London mwaka wa 1889 katika umaskini mkubwa, hata akiwa mtoto aliwahi kukaa katika nyumba ya kulelea mafukara. Alipoanza filamu huko Marekani mwaka wa 1914, ujira wake ulikuwa dola 150 kwa wiki. Alipoona watu wanakuja kumtazama yeye, na fedha zinakwenda kwa wengine, hakunung'unika tu. Kila mkataba ulipokwisha alidai mwingine ulio bora. Hata mwaka wa 1919 yeye na wenzake watatu, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, wakaunda kampuni yao wenyewe, United Artists, ili waliofanya kazi ya filamu ndio wawe wenye filamu. Alipofariki mwaka wa 1977 hakuwa na shida ya fedha. Simpimi Mzee Majuto kwa kipimo cha Chaplin ili kumshusha. Nasema kuwa wote wawili walijua kuchekesha bila ya kucheka, lakini mmoja aliwahi kushika mizani kwa mkono wake, na mwingine haki yake ikaja kutafutwa akiwa kitandani.

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Jina la mzee wetu latukumbusha methali hiyo kila tulitajapo. Lakini mimi naona si yeye peke yake wa kujuta. Sisi watazamaji tulionunua nakala za wizi kwa sababu ni rahisi, nasi tuna fungu letu. Tulicheka bure, na bure hiyo alilipa yeye.

Basi nirudi kwa Baba. Kesho yake baada ya sala ya Alasiri aliitaka ile karatasi ya ruhusa. Akaniambia niisome yote kwa sauti, nami nikaisoma. Akauliza mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, huisha saa ngapi, mwalimu gani atakuwapo, na kama nitarudi nyumbani kabla ya Magharibi. Nikamjibu kila swali. Kisha akatia saini, na chini ya saini akaandika kwa mkono wake: "Muhula huu tu." Alipoona namtazama akasema, "Hiyo ni kukodisha. Matokeo ya mtihani yakiwa mazuri, tutapatana tena."

Sikuona ubaya katika sharti lile. Huo ndio mkataba wangu wa kwanza, na naujua kila neno lake.

Sasa nina maneno machache kwa wenzangu. Anayependa kuigiza na aigize, wala asione haya, maana hii ni kazi yenye ufundi na subira, na mtu mmoja wa Tanga aliifanya tangu utoto hata uzee. Lakini asidhani kuwa kipaji kitamwondolea haja ya kusoma. Mwigizaji ahitaji Kiswahili chema ili aseme vizuri, ahitaji hesabu ili ajue fungu lake, na ahitaji kufahamu maandishi ya Kiingereza pia, kwa sababu mikataba mingi bado huandikwa kwa lugha hiyo. Akipewa karatasi asiyoifahamu, aseme, "Nipeni siku tatu." Atakayemnyima siku tatu, huyo hamtakii mema. Aulize: Ni kwa muda gani? Itaonyeshwa wapi? Ikiuzwa tena nitapata nini? Nakala yangu iko wapi?

Na kwa wazazi wetu naomba hivi kwa adabu. Msiseme upesi kuwa kuigiza ni upuuzi, kwani ninyi wenyewe mmecheka kwa Mzee Majuto mkasahau shida za siku nzima, na mtu akuondoleaye shida amekufanyia kazi. Tuulizeni maswali magumu kama aliyoniuliza Baba, tukishindwa kuyajibu tuzuieni, na tukiyajibu tupeni ruhusa, hata ikiwa ni kwa msimu mmoja.

Kikundi chetu kitaonyesha mchezo wake siku ya wazazi. Mimi ni mzee bahili. Nina maneno kumi na manne tu, na mahali pawili pa kunyamaza. Karibuni nyote.